Mgeni wa Kwenye Miwani

Mimi ni mtu wa wageni. Sijui kama upo ugonjwa wa namna hiyo, ila kama upo, ninao. Nyumba yangu iko Nyaishozi, karibu na barabara, na tangu nioe, mtu aliyepita pale bila kuingia kwangu ama alikuwa na haraka ya kweli ama alikuwa ananidharau. Kibanja chetu kina migomba, mibuni na maharage, kama vibanja vingine vyote vya huku, kwa hiyo hakuna aliyekuja kushangaa migomba. Wala sijidanganyi kwamba walikuja kwa ajili yangu mimi Telesfori. Walikuja kwa sababu ya mke wangu Avelina na namna anavyompokea mtu.

Kwetu mgeni akishakaa hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri na chumvi kidogo kisha ikakaushwa. Huletwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Mama wa nyumba hupiga magoti, hutoa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto huja kugusa kiwiko cha ule unaotoa. Hiyo ndiyo heshima. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtafutia ugomvi, na kumpa kwa mkono mmoja huku mwingine ukining'inia ni kumwona si kitu. Wako wanawake wanaoifanya kazi hiyo haraka haraka ili warudi jikoni. Avelina aliifanya kana kwamba mgeni huyo, hata awe mpita njia aliyeomba maji, alikuwa akisubiriwa tangu jana. Hata mimi mumewe, ingawa alishanizoea mpaka kunichoka, hakuwahi kunipa kitu kwa mkono mmoja. Hata kiberiti.

Mwaka jana, tukiwa tunaanika kahawa, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Namshukuru Mungu aliyemwacha hai, na nasema hivyo kila siku. Mguu ulirudi taratibu. Maneno yalirudi upesi, na yalirudi yote, pamoja na yale makali. Mkono ndio uliokataa. Ulikuwa umelala mapajani pake kama mzigo wa mtu aliyeomba atunziwe kisha akasahau kurudi.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifunga nyumba. Alisema hakuna mgeni kuingia humu mpaka mkono wake uweze kutoa kahawa. Nikamwambia basi nitatoa mimi. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Nikasema tuwakaribishe hivyo hivyo, bila kahawa. Akanijibu kwamba mtu aliyeingia bila kupewa kahawa si mgeni, ni mtu anayejikinga mvua. Nilipozidi kubishana, akaniambia hivi.

"Baba Kemirembe, watanitazama mkono. Hawataniona mimi. Acha kwanza nirudi."

Nikaacha. Lakini ilibidi mtu awarudishe watu, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilisimama kwenye ua wangu mwenyewe nikiwadanganya majirani. Avelina amelala. Avelina amekwenda kliniki. Avelina yuko Songambele kwa dada yake. Siku moja asubuhi nilimpeleka Songambele na Bukoba kwa wakati mmoja, na wale niliowadanganya walikutana dukani, wakalinganisha.

Aliyeniuma zaidi ni Projest. Huyo ni rafiki yangu tangu tukiwa vijana, na kila Jumapili baada ya misa alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni ya dirisha, akatafuna kahawa ya Avelina, tukabishana mpaka jua lizame. Hatukumbuki tulibishana nini; tulibishana tu. Sasa Jumapili zilipita nikiwa peke yangu sebuleni, nikikitazama kile kiti. Nilianza kuzungumza na mbuzi, na mbuzi wangu ni wepesi mno wa kukubaliana na mtu.

Ndipo akaja Ummy. Huyu ni binti wa pale Omurushaka, babu yake alikuja kufungua duka akitokea Tanga, naye amesomea mazoezi ya viungo na anafanya kazi katika hospitali ile aliyolazwa mke wangu. Alikuja kwa pikipiki akiwa na mkoba mweusi. Akamwamkia Avelina shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka bila kungoja kuambiwa, akafungua mkoba na kutoa miwani minene yenye kijicho cha kamera mbele.

Alituelekeza polepole. Aliyevaa miwani ile huiona sebule yake vile vile ilivyo, kuta, viti na picha ya Bikira Maria, ila ndani yake huongezwa vitu ambavyo havipo. Kwa mfano, mezani utaona kikombe. Ukipeleka mkono, kamera inauona mkono wako, na ukifumba vidole kwenye kikombe unaweza kukiinua. Mkono ukichoka njiani, kikombe kinarudi mezani, unaanza tena. Alisema mkono wa mama haujafa, ni ubongo uliosahau njia ya kuufikia, na njia hufufuka kwa kupitwa mara nyingi. Mazoezi ya kunyanyua mkono mtupu huchosha roho, watu huyaacha. Kwa hiyo vijana fulani wa Dar es Salaam waliotengeneza kitu hiki walimweka ndani yake mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kukaa tu na kupokea kikombe.

Avelina akauliza mzee huyo atakaa wapi. Ummy akamjibu popote anapotaka yeye. Wakanong'onezana, Ummy akabofyabofya kwenye kishikwambi chake, kisha akamvika miwani. Mke wangu akatulia. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikaona mgongo wake ukinyooka namna ulivyokuwa ukinyooka mtu akiingia mlangoni.

Mimi sikumwona huyo mzee. Ummy aliniambia nijaribu nami, nikakataa. Nilisema macho yangu hayapendi miwani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa kwa watu wote wa Nyaishozi, na mgeni wa kwanza kukaribishwa akawa mwanaume nisiyemwona.

Na alivyokaribishwa! Asubuhi Avelina aliniamuru nifagie sebule. Alijifunga kitenge kizuri. Akivaa miwani alianza kwa kumsalimia yule mzee kwa Kinyambo, lugha yetu, na asipojibiwa alirudia kwa Kiswahili, na asipojibiwa tena alimwambia karibu hivyo hivyo. Ummy aliporudi kukagua, Avelina alitaka kujua mzee yule ametokea wapi hasa. Ummy akamkumbusha kwamba ametengenezwa Dar.

"Ndiyo maana hasalimii," Avelina akasema, akamsamehe.

Nami nilikaa kwangu pembeni, nikijimiminia chai yangu mwenyewe kutoka kwenye chupa.

Ila siku hiyo Ummy hakuja kwa furaha. Kishikwambi chake, ambacho hupokea habari za miwani, kilikuwa kinamwambia kwamba mgonjwa wa Nyaishozi hafanyi mazoezi kabisa. Hakuna kikombe kilichoinuliwa tangu alipoondoka. Alimuuliza Avelina kwa upole kama amechoka. Avelina akachukia, akasema amefanya asubuhi na jioni, na shahidi yupo. Nikatoa ushahidi, kwa shingo upande, kwamba ni kweli yule mzee anahudumiwa kuliko askofu. Basi Ummy akamwomba afanye aone.

Avelina akavaa miwani. Akasalimia. Kisha akashika ukingo wa meza, akashuka taratibu, akapiga magoti.

Ummy akanitazama. Mimi nikamtazama yeye, nikijiuliza anashangaa nini. Mgeni mwenyewe ni mzee, ulitaka ampe kikombe akiwa amekaa kitini kama karani?

Kumbe lile ndilo lililokuwa limeharibu kila kitu. Kikombe kilipangwa kwa mtu aliyekaa kitini, kwa hiyo Avelina alipokuwa magotini kilikuwa juu, hakifikiki. Na kila aliponyanyua mkono wa kulia, ule wa kushoto ulikuja kuushika kiwikoni, kamera ikaona mikono miwili imebebana, ikachanganyikiwa, ikahesabu kwamba hakuna mkono. Yeye aliona kikombe kinamkataa, akafikiri hakumheshimu mgeni vya kutosha, akazidi kuinama.

Nilidhani Ummy atamkataza. Badala yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Avelina naye, akiwa bado magotini na miwani usoni, akaanza kucheka, na mimi nikasahau kununa. Nyumba ile haikuwa imesikia vicheko vitatu kwa wakati mmoja kwa muda mrefu sana.

Halafu Ummy akapiga simu Dar. Wakazungumza kirefu, wakabadilisha mambo kule kule walikokuwa. Kikombe kikashushwa kutoka mezani hadi kwenye kigoda. Kamera ikafundishwa kukubali mikono miwili. Na Ummy akapiga magoti kando ya mke wangu, akaweka vidole vyake chini ya kile kiwiko kilicholegea.

"Mama, mkono wa kushoto usaidie, sikukatazi, hilo nalo ni zoezi," alisema. "Lakini leo unabeba. Nataka kila wiki upunguze kubeba, mpaka siku moja uwe unagusa tu, kwa heshima."

Avelina akarudia maneno hayo kimoyomoyo. Niliona midomo yake. Kubeba, mpaka kugusa.

Kuanzia hapo ikawa kazi kweli. Alitoa jasho. Aliwatukana wale vijana wa Dar asiowajua. Wiki ikapita, kikombe kikainuka shubiri moja. Nyingine ikapita, kikafika nusu ya njia. Ummy akasema sasa aache kikombe cha hewani, ashike kikapu chake mwenyewe chenye kahawa ya kweli, abaki mgeni tu ndiye wa hewani. Kahawa zilimwagika sebuleni kote na mimi nikawa mtu wa kuokota. Niliziokota kwa moyo mkunjufu, nasema kweli. Kila zilipomwagika mbali kidogo kutoka pale alipopiga magoti, nilijua mkono umefika mbali kidogo.

Tungeendelea hivyo kwa amani, kama Projest asingerudisha mundu.

Alikuwa ameuazima kwangu zamani, wa kukatia majani ya migomba. Alikuja nao asubuhi moja, akanikuta uani. Akauliza hali ya Avelina. Nikamwambia, kwa sauti ya huzuni niliyokwisha kuizoea, kwamba amelala, usiku hakupata usingizi. Sikuwa nimemaliza sentensi sauti ya mke wangu ikatoka dirishani, safi, yenye afya, yenye kicheko.

"Karibu sana, mzee wangu. Karibu kahawa. Hata leo umenyamaza?"

Projest akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Nikakohoa. Ningemwambia nini? Kwamba mke wangu anamhudumia mtu asiyekuwepo? Kwamba mtu huyo ametoka Dar? Projest akauegemeza mundu kwenye mti wa parachichi, akageuka, akaenda zake bila kusema kwaheri. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la upande wa pili kanisani, na padri aliposema tupeane amani, alimpa amani kila mtu mpaka watoto, mimi akaniruka.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimkuta Avelina amevaa miwani, yuko magotini, kikapu mkononi. Sikungoja amalize.

"Huyo mgeni wako hana meno wala tumbo," nikamwambia, "na amenikosanisha na mtu mwenye vyote viwili."

Nikamsimulia yote, dirisha, mundu, amani ya kanisani. Nilimwambia nimechoka kusema uongo kwenye ua wangu. Nilimwambia naukumbuka mkono wake ulivyokuwa, lakini zaidi naikumbuka nyumba yangu ilivyokuwa, na kwamba mimi si mtu wa kukaa peke yangu, sikuumbwa hivyo.

Avelina akavua miwani. Akaipangusa kwa kitenge, akaiweka juu ya kigoda. Akauangalia mkono wake.

"Mwite Jumapili," akasema.

Nikamuuliza kama mkono uko tayari. Akasema hajui. Kwa yule mzee wa miwani akishindwa, kikapu kinaanguka, mume anaokota, yeye anaanza tena. Kwa Projest ni mara moja tu. Nilitaka kumwambia tungoje, lakini alishaanza kunielekeza namna ya kufua vitambaa vya viti.

Projest alikuja. Alikuja kwa sababu nilimfuata mpaka shambani kwake na kumwomba, na kwa sababu anaipenda kahawa ya Avelina kuliko anavyonichukia mimi. Alikuja na koti lake la Pasaka, uso mkavu, akasimama mlangoni akitazama huku na huku. Akasema anaogopa kumsumbua yule mgeni mwingine.

Avelina hakumzungusha. Alimsalimia, akamwambia kila kitu akiwa amesimama mbele yake, mkono wake ukiwa wazi autazame. Alisema kwa nini alifunga nyumba. Alisema kwamba uongo wote niliousema niliusema kwa ajili yake, na kwamba sijui kuusema, jambo ambalo lilikuwa kweli ila halikuhitaji kutajwa. Kisha akampa Ummy ishara. Ummy alikuwapo, tulimwalika, na alikuwa ameshika mkoba wake kwa wasiwasi kuliko sisi. Akamvika Projest miwani.

Projest aligeuza kichwa polepole kuelekea dirishani. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukavua kofia.

"Mbona huyu mzee amekaa kwenye kiti changu?" akauliza.

Nikamtazama Ummy, Ummy akamtazama Avelina. Nikakumbuka ile siku ya kwanza, walivyonong'onezana kuhusu mahali pa kumkalisha.

"Nilimweka hapo makusudi," Avelina akasema. "Nilikuwa najifunza kukupa wewe."

Projest hakuitoa miwani mara moja. Alikaa nayo, ameielekeza kwenye kile kiti, na mimi ninayemjua najua kwamba hakuwa akimtazama mzee yeyote. Alikuwa anangoja macho yake yakauke. Nami yangu hayakuwa makavu, na sikuwa na miwani ya kujificha.

Mwishowe akaivua, akamrudishia Ummy, akaenda kukaa. Akakaa kwenye kiti chake pembeni ya dirisha.

Avelina akapiga magoti. Akafunua kikapu, akaweka kifuniko chini, akakishika kikapu kwa mkono wa kulia. Kikapanda. Tulisikia kahawa zikigongana ndani yake kwa ule mtetemeko, sauti ndogo kama ya mvua inayoanza juu ya bati. Nusu ya njia mkono ukasimama. Nikaanza kuinuka, Ummy akanishika koti. Mkono wa kushoto wa Avelina ukaja, ukafika kiwikoni, na mimi nikakodoa macho kama mtu anayesoma bila taa, nione unabeba au unagusa. Sikuweza kujua. Kikapu kikasogea tena, kikafika.

Projest alipokea kwa mikono yote miwili. Akachukua kahawa, akatia mdomoni, akatafuna akiwa amefumba macho. Tukamngoja. Akasema imezidi chumvi kidogo. Avelina akamwambia aliyeitia chumvi ni Telesfori, na hapo nikajua kwamba nyumba yangu imefunguliwa.

Ummy akapewa naye, akapokea kwa mikono miwili akiwa analia na kucheka pamoja. Nami nilikuwa nimekaa na swali langu. Mkono wa kushoto ulibeba, au uligusa? Niliona haya kuuliza mbele ya watu. Projest alikuwa ameshaanza kubisha kuhusu jambo fulani la bei ya maharage, nami nilikuwa nimeshampinga kabla hajalimaliza, tukawa tunapayuka wote wawili kama zamani, ndipo nikaona kikapu mbele ya pua yangu.

Avelina alikuwa amesimama. Hakupiga magoti wala hakuinama. Mkono wa kulia ulikuwa umeninyooshea kikapu, unatetemeka kidogo, lakini uko juu. Nikautafuta ule wa kushoto kiwikoni, sikuuona. Ulikuwa umeshika kiuno.

"Chukua basi," akasema. "Wewe si mgeni."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunipa kitu kwa mkono mmoja, hata kiberiti. Nikachukua kahawa mbele ya rafiki yangu na mbele ya binti wa watu, nimevunjiwa heshima nyumbani kwangu mchana kweupe, na sijawahi kufurahi kama siku ile.